Mistari Kumi na Mmoja

4 Machi

Kwa baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona na mama hajambo. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Jana mwalimu anayesimamia ripoti yangu ya mwisho aliniita ofisini. Aliweka mezani kurasa mbili: moja yangu, moja ya kitabu cha kutibu majeraha kilichochapishwa kabla sijazaliwa. Mistari kumi na mmoja inafanana mpaka mkato. Nikamwambia kitabu hiki sijawahi kukiona. Akasema, "Basi maneno haya umeyatoa wapi?" Nikaomba muda wa kufikiri.

Baba, nimeyatoa kwenye lile daftari lako la uuguzi ulilonipa nilipoanza chuo. Sikuandika kwamba ni yako, niliona cha baba ni changu. Kamati itakaa tarehe 29. Mwenzangu wa chumbani alifukuzwa muhula uliopita kwa kosa kama hili. Kitanda chake bado kitupu.

Niambie, maneno yale uliyatunga mwenyewe?

Mwanao, kitindamimba

9 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mguu unaendelea vizuri, mama yako anakusalimu. Habari hizi sijamgusia, na wewe usimwandikie.

Usibabaike. Mwambie mwalimu kitabu ulikisoma maktaba, ukasahau kukitaja. Omba radhi, yaishe. Daftari usilitaje kabisa. Ni makaratasi makuukuu, yatawachanganya tu.

Kula vizuri. Wodi imejaa, nimechoka, naishia hapa.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, jibu la swali langu sikuliona.

Mwalimu wangu si mtu mbaya. Aliniambia, "Kutumia maneno ya mtu si kosa. Weka alama za kunukuu, taja jina lake, kitabu na ukurasa, basi. Wewe umevaa koti la mtu ukasema umelishona." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa nikisikia viatu nje ya mlango nadhani ni karani na barua ya kunifukuza. Maelezo yangu kwa kamati yanatakiwa tarehe 22. Bila ruhusa yako sitakutaja. Lakini nijibu, baba.

Mwanao

21 Machi

Baba, shikamoo.

Kila siku naenda kwenye masanduku ya barua, narudi mikono mitupu. Nimeandika maelezo mawili: moja lina daftari, jingine lina uongo ulionipa. Nisamehe kwa neno hilo. Kesho saa sita mchana lazima nipeleke moja.

Mwanao

26 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi siumwi. Sikukujibu kwa sababu niliogopa, na bado naogopa.

Chuoni kwetu kitabu kile kilikuwa kimoja tu, mkuu wetu akikifungia kabatini. Kila mmoja alipewa saa moja. Nilinakili mbio mbio kwenye daftari lile, jina la mwandishi nikaliruka ili niwahi mistari zaidi. Mwaka wa mwisho nikayatia maneno hayo kwenye mtihani kama yangu, nikashika namba moja. Kwa alama zile nilipangiwa wodi ya walioungua, ninayoisimamia mpaka leo. Wauguzi wananiita Profesa kwa ajili ya maneno yale. Nimewasomea miaka yote hiyo, hata mwenyewe nikasadiki ni yangu.

Umebaki mwaka mmoja nistaafu. Juzi niliiandikia kamati yenu haya yote, nikatia sahihi na namba yangu ya kazi. Sijui barua hiyo watampelekea nani. Mama yako nimemwambia. Aliuliza kama bahasha nimeitia stempu.

Baba yako

3 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo, na mama mwambie shikamoo.

Tarehe 22 nilipeleka maelezo ya kweli, ila jina lako nililificha. Niliandika "daftari la mtu wa nyumbani." Tarehe 29 mwenyekiti wa kamati akauliza, "Mtu wa nyumbani ndiye nani?" Nikasema siwezi kumtaja. Kumbe barua yako ilikuwa mbele yake. Akaisoma kwa sauti, yote.

Hawakunifukuza. Ripoti naandika upya, nabaki nyuma mwaka mzima. Lakini baba, walisema nakala ya barua yako lazima ifike hospitalini kwako. Niliwaomba wasiipeleke. Mwenyekiti akafunga jalada.

Niandikie upesi, hata mstari mmoja.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, na anashukuru hukufukuzwa. Mwaka mmoja utapita, wewe andika.

Nimeitwa kwa mganga mkuu wa hospitali Jumatano. Usiniulize itakuwaje, mimi mwenyewe sijui. Sikutaka wauguzi wangu wayasikie haya mitaani, kwa hiyo leo asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, nimewaeleza mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mmoja niliyemfundisha miaka tisa akafungua daftari lake. Akauliza, "Na lile somo la kumwambia mgonjwa utamgusa wapi kabla hujafungua bandeji, nalo si lako?"

Nikamjibu, "Hilo ni langu. Nilifundishwa na mgonjwa mmoja aliyekuwa akilia kabla mkono haujamfikia."

Akanitazama, kalamu mkononi. Sikujua kama ananiamini. Nilimsubiri aandike. Akalifunga daftari, akaenda kuanza kazi.

Baba yako