Ukurasa wa Mwisho Nilivyousoma

Ndhiwa, Jumanne

Nimemdanganya mama mkwe, na bado uso unaniwaka.

Wiki mbili nimekuwa nikimsomea riwaya jikoni, huku yeye akichambua mbegu za mahindi. Ni habari ya mwanamke aliyetakiwa abaki bomani kwa mumewe, na moyo wake ulitaka shule. Mama hajui kusoma, lakini amemzoea huyo mwanamke kama jirani.

Leo mchana tulifika mwisho. Kitabuni, mwanamke anaondoka. Mimi nikasoma kwamba alibaki, akazeeka kwa amani. Niliogopa. Tangu mwanawe, mume wangu, afariki tumebaki wawili tu, na barua ya kuitwa chuo cha Homa Bay nimeificha humo humo kitabuni.

Mvua imeshanyesha mara tatu, ila hapa hakuna anayepanda kabla mama wa boma hajatangulia. Kimoyomoyo nilifurahi. Asipopanda, sipandi; nisipopanda shamba langu, siendi popote. Uoga wangu nimeuita heshima.

Nilipofunga kitabu, mama aliendelea kuchambua mbegu. Harufu ya udongo iliingia, nikaona kama tumekaa watatu pale: mama, mimi na yule wa kitabuni.

“Nyar Lambwe,” akasema, akiniita kwa jina la kwetu, binti wa Lambwe, kama siku zote, “huyo hakubaki. Mimi ndiye niliyebaki. Anayebaki namjua.”

Akachukua jembe, akatoka, akafukia mbegu kwenye shimo moja tu.

“Nimepanda. Panda shamba lako haraka, uende.”

Hata hakuniuliza wapi.