Picha ya kichwa cha Yohana

Mbeya, Jumatatu, Julai 1977

Mwanangu Yohana amekufa jana asubuhi. Leo tumemzika.

Ilianza miguu, kama kwa marehemu mama yake. Halafu mikono, halafu maneno yakakatika.

Daktari alimpiga picha ya kichwa mwaka jana. Akaishika dirishani akaniambia, "Mzee, hapa tunaona mfupa tu. Ugonjwa uko ndani ya ubongo, kwenye ile sehemu nyeupe, na watoto wanaurithi. Ulaya kuna mashine mpya inapiga picha mpaka ndani. Sisi hatuna."

Jana daktari akaniomba afungue kichwa aangalie kabla hatujazika. Labda angejua la kumwambia Tusa, binti yangu aliyebaki.

Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, akakataa. "Wazee wetu walipasua tumbo la maiti waone kama karogwa. Kichwa hawakugusa. Wewe shemeji unataka mpwa wangu aende huko kichwa wazi kama chungu?" Watu wakacheka, hapo hapo msibani.

Mimi ndiye baba. Ningesema ndiyo, wangenilaumu tu yakaisha. Nikamwambia daktari basi.

Leo baada ya kuzika Tusa alikuwa anawapa wageni chai. Kikombe kikamponyoka.

"Kilikuwa cha moto, baba," akasema.

Nimekiokota. Kilikuwa kimepoa.

Nikamwambia, "Ndiyo mama, cha moto."

Wa kumuuliza sasa sina. Yohana yuko chini na picha ni ya mfupa.

Kesho narudi kazini, kupasua kokoto.