Mama, Tumepaka Sebule

Mama,

Tumepaka sebule. Nimetaka usikie kwangu kabla Wambui hajafika kaburini, maana unajua dada yangu anavyoongeza chumvi.

Zile alama mbili za rangi ulizojaribu kando ya dirisha zilibaki pale hata baada ya kukuzika. Wakati wa matanga, wageni waliojaa hapa nyumbani Free Area walidhani ni unyevu. Sikuwaeleza. Ningeanzia wapi kusema kwamba ulishika brashi mwenyewe, mgonjwa vile, ukapaka rangi mbili za manjano iliyofifia ambazo sisi tuliona ni moja?

"Kwani hamuoni? Hii ni siagi. Hii nyingine imekauka kidogo, kama ngano ya kule Njoro."

Ukasema utaziangalia asubuhi na jioni, halafu uchague. Jumapili tukakupeleka hospitali. Hukurudi, Mama.

Wambui aliapa ulitaka siagi. Mimi nikashikilia ngano. Tukakosana hadi simu zikakatika kati yetu. Haikuwa rangi, nafikiri. Kila mmoja alitaka kuwa ndiye aliyekujua zaidi.

Baba naye aliacha kabisa kukaa sebuleni. Alikula jikoni, na kila tukimuuliza kitu, alijibu, "Sawa tu." Ndiyo maana tukaita fundi, tukidhani chumba kikibadilika atarudi.

Fundi alisimama mbele ya zile alama. "Sasa mzee, tunapaka ipi?"

Wambui na mimi tulifungua mdomo pamoja. Baba akatutangulia.

"Ngano," akasema. "Aliniambia akiwa hospitali. Siagi ni nzuri asubuhi, lakini jioni inageuka kama ngozi yake. Akasema, 'Sitaki mkae pale mkiniona hivi.'"

Fundi akatoka nje polepole. Baba akalia, Mama. Hata siku ya mazishi hakulia. Ngozi yako ilikuwa imegeuka manjano wiki zile, na sote tulinyamaza tukidhani tunakuficha jambo hilo. Kumbe wewe ulikuwa unatupangia tutakavyokaa bila wewe. Wambui alinishika mkono, nami sikuuondoa.

Jana Baba alikunywa chai sebuleni. Alikaa tu mpaka giza likaingia, na akaomba kikombe cha pili.

Pumzika sasa. Tumekubaliana kumpikia kwa zamu. Na tukikosana tena, maana tutakosana, tutakosana tukiwa meza moja. Hilo nakuahidi.

Binti yako,
Njeri