Chupa ya Petroli Ndani ya Boneti

Ijumaa

Usidhani petroli iliisha; ilikuwa kwa tanki. Ni pampu ya hii pikapu mzee imekataa kuivuta, gari ikanizimikia hapo Komarock. Fundi Otis akasema, "Buda, tuachane na pampu." Akafunga chupa ya petroli na waya juu ya injini, akashukisha mpira hadi kwa kabureta. Gari ikanguruma. Nikamwambia, "Umeiwekea dripu kama mgonjwa!" Tukacheka sana.

Kufika Majengo, nikasikia harufu. Nafungua boneti, mpira umechomoka, petroli inadondoka kando tu ya ekzosi, na ekzosi, ile bomba ya moshi, iko moto vile. Nikarudi nyuma, nikakaa chini kwa barabara. Watu wakacheka, wakidhani ni vituko vyangu vya kila siku. Kumbe mimi nangoja ilipuke.

Na kesho niliahidi kubeba kina mama wa kwaya huko nyuma, wewe ukae mbele na mtoto...

Mama Stevo, najua unasomanga hiki kitabu ninachoandika nikilala. Tufanye hivi: wewe ndio uwaambie gari haitoki, sababu mimi nikisema watadhani ni mchezo. Na mimi nitafua nguo zote, hata blanketi, mpaka nipate pampu ingine.