Sauti ya Dani Iliyokuwa Upande wa Linux

Manyatta, Jumatano

Kaka yangu mpendwa Griffins,

Pokea salamu zangu na za Mama. Hujambo huko Bondo, na kile kifua kimepoa? Sisi wazima wa mwili tu. Tangu nyanya yetu Dani apelekwe mochari, nyumba imejaa wageni na usingizi umekuwa haba. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningekata. Unanijua.

Najua Jumamosi kwenye mazishi, wajukuu wakimaliza kuongea, watu wanangoja kusikia sauti ya Dani uliyoirekodi Krismasi, akisimulia alivyonunua ng'ombe wake wa kwanza kwa samaki wake wa omena. Mzee Oyugi ameshaiweka kwenye programu. Sasa kaka, Jumatatu asubuhi niliwasha kompyuta yako, na ile menyu ya kuchagua upande wa Linux au wa Windows haikuja. Kioo cheusi, na maneno mawili tu: grub rescue. Nilizima, nikawasha, nikazima tena. Nikamwambia Mama stima ilipotea ghafla ikaiharibu. Akasema niache kuibonyeza, nisije nikaimaliza kabisa.

Jana niliipeleka Kisian kwa fundi Wabwire. Alichomeka flashi yake, akaandika maneno mengi, na Windows ikafunguka. Nilidhani nimepona. Halafu akatafuta Linux, akakuta haipo. Akaniuliza kama nilikuwa natumia kompyuta au nalima, maana shamba la mtu limepinduliwa lote na kupandwa upya. Waliokuwa wakingoja simu zao wakacheka. Mimi nikaangalia viatu.

Kaka, haikuwa stima. Ni mimi. Kila mjukuu lazima asimame kando ya jeneza aseme neno, na mimi siwezi. Kwa hivyo Jumapili, Mama akiwa kanisani, nikaamua kurekodi maneno yangu yachezwe kwa spika, nami nikae tu nyuma ya Mama. Windows ikasema nafasi imeisha. Nikaona kipande kikubwa cha diski hakina jina, nikadhani kiko bure. Nikakifuta, nikakitengeneza upya, nikarekodi humo mara tatu. Sikujua ndiyo Linux yako, na Dani yumo.

Wabwire alisema ningefuta tu bila kuweka kitu juu, angemrudisha. Alitafuta hadi saa ya kufunga duka. Alipata picha zako za shule. Dani hakumpata.

Zile rekodi zangu nimezisikiliza. Zote tatu natetemeka. Nimezifuta.

Lakini siku ile ya Krismasi nilikuwa nimekaa miguuni pake, na hadithi ile ninayo kichwani, hata pale alipokatiza kukohoa na kumtukana yule mwenye ng'ombe. Kila mara wakiita wajukuu, wewe huwaambia Milka anaumwa koo. Jumamosi usiwaambie hivyo. Waache waniite.

Barua hii anakuletea Perez. Msalimie Debra, na umwambie sweta yake nimeifua. Usinipigie simu. Njoo tu, hata ukiwa na hasira.

Ni mimi dada yako,
Milka