Mdeki Haukufika Mwisho

Jumatatu, 8 Desemba
Nimefagia ua. Nimechagua mchele wa pilau. Tangu mtihani wa mwisho siku zangu zote ni hizi. Harusi ya kaka Faraj ni Jumamosi na nyumba imejaa mashangazi. Wote wananiuliza sasa shule imekwisha nitafanya nini. Natabasamu, nakimbilia jikoni. Naudhika na nafsi yangu.

Leo nimepata kazi nyingine. Ami Salim, mdogo wake Baba, amelitungua ukutani gobori la Babu, ile bunduki yake ya kizamani. Anataka kulifyatua kichochoroni Faraj akitoka kwenda msikitini kuoa. Fataki tupu, kile kidude cha kuwashia, bila baruti ndani, anasema, mlio tu. Wiki ijayo litachukuliwa na makumbusho, Baba ameshakubali, kwa hivyo hii ni mara ya mwisho. Mimi nilisafishe. "Kazi ya mtu asiyesema sana," alisema, wakacheka wote. Hata mimi nilicheka. Sikupenda.

Jumanne, 9 Desemba
Bibi alikaa nami uani nikisugua. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Namjua kwa maneno ya Bibi tu.

Alikuwa mwindaji mwenye kibali. Akivuka Likoni akienda misitu ya Kwale kutafuta paa na kulungu. Alipenda mwisho wa msimu, kabla ya masika, nyasi zimekauka na wanyama wanasogelea maji. Gobori hupigwa mara moja tu. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa, risasi, kitambaa tena, na kushindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu ya chuma inayokaa chini ya mtutu. Ukikosa, mnyama hakungojei ujaze upya.

Safari ya mwisho alirudi mikono mitupu. Alimwona kulungu dume mkubwa, akalenga, mvua ikashuka ghafla. Kulungu akaenda zake. Kabla ya msimu mwingine serikali ikapiga marufuku uwindaji.

Jambo moja Bibi hajamsamehe. Safari hiyo Babu alichana pembe ya leso ya Bibi apate kitambaa cha kushindilia. "Leso yangu ya harusi! Na nyama yenyewe sikuiona." Nilicheka mpaka nikatoka machozi.

Jumatano, 10 Desemba
Mdeki haufiki mwisho.

Niliufunga tambara nisafishe ndani ya mtutu. Ukaingia, ukagota. Nikausukuma. Ukagota pale pale. Nikautia alama ya wanja usawa wa mdomo, nikautoa, nikaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha inaishia kiganja kizima kabla ya lile tundu linapokaa fataki. Kuna kitu ndani.

Labda kutu. Labda nyigu wamejenga.

Kisha nikamkumbuka yule kulungu. Babu alilenga. Hakupiga. Risasi ile haijatoka.

Nimeliegemeza gobori mdomo ukitazama ukuta mtupu.

Alhamisi, 11 Desemba
Baba amekwenda Voi kuchukua mbuzi. Nilimwambia Mama. Alikuwa na masufuria mawili motoni. "Kamwambie Ami yako."

Nikaenda dukani kwake Ndia Kuu. Walikuwapo rafiki zake wawili wanakunywa kahawa. Nikasema.

"Ati nini? Sema, Zuhura, hapa hapana mla watu."

Nikarudia. Ami akanicheka, bila ubaya. Gobori limening'inia pale tangu yeye mtoto, alisema, lingekuwa na kitu tungeshalijua. "Aogopa mlio huyu," rafiki mmoja akasema. "Mtieni pamba masikioni."

Nilitaka kueleza ile alama ya wanja. Nikaaga, nikaondoka. Jioni Ami akaja kulichukua gobori. Nikampa. Kwa mikono yangu mwenyewe. Najichukia.

Ijumaa, 12 Desemba
Baba amerudi. Kila nikimkaribia kuna mtu anamvuta. Sikusema. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 13 Desemba
Nimepiga kelele. Mimi.

Baada ya Alasiri wanaume walijaa kichochoroni, kanzu tupu. Faraj kwenye kizingiti, amependeza. Wanawake wote juu madirishani, Mama na Bibi wakiwa mbele kabisa. Ami Salim akatoka na gobori. Akatia fataki. Akainua mtutu juu. Juu ndiko kwenye madirisha.

Nilikuwa mlangoni nimeshika chetezo cha udi. Sikumbuki kukiweka chini. Nakumbuka nimesimama katikati ya wanaume na sauti inatoka.

"Ami, usipige! Limeshindiliwa!"

Wakageuka wote. Kisha mtu akasema, "Kumbe ana sauti huyu!" Wakaanza kucheka. Ami akaniambia nirudi ndani, nisimwaibishe.

Sikurudi. Nikasema kwa nguvu, kila mtu asikie: "Toa hiyo fataki. Tia mdeki. Ukifika mwisho, nichekeni mwaka mzima."

Faraj ndiye aliyelichukua gobori mkononi mwa Ami. Bwana harusi, nani angemkatalia? Akatoa fataki, akaingiza mdeki, akaubana kwa kidole usawa wa mdomo wa mtutu, akautoa, akaupima kwa nje. Kiganja kizima. Hakuna aliyecheka.

Ami akatazama mdeki. Akatazama madirisha. Akaketi barazani.

Bibi akapaza sauti toka juu: "Mwashangaa nini? Litieni maji!" Baba akaleta ndoo mwenyewe. Wakamimina mpaka maji yakafurika mdomoni.

Kisha vigelegele. Nilidhani ni vya Faraj. Nikainua macho. Mashangazi wote walikuwa wananitazama mimi.

Faraj ameoa. Pilau ilikuwa tamu. Nina furaha mpaka kifua kinauma.

Jumatatu, 15 Desemba
Bi Dama wa makumbusho amekuja kulichukua gobori. Kwanza alitoa yaliyomo, kwa chuma kirefu chenye ncha ya kuzunguka. Kikatoka kitambaa. Risasi moja nzito. Kitambaa kingine. Kisha tope jeusi la baruti.

Akauliza ni nani aliyegundua.

"Mimi," nikasema, kabla Ami hajafungua mdomo. Ami akacheka, akanipigia saluti. Tangu Jumamosi ananiita Afande.

Bi Dama anataka mtu wa kumsaidia kusafisha vitu vya kale kuanzia Januari. Akaniuliza kama nitaweza. Nikajibu ndiyo, na hakuna aliyeniambia nirudie.

Amekwenda na gobori na risasi. Vitambaa ametuachia. Bibi alivifua, kimoja kikafumuka nyuzi, kingine kikaonyesha wekundu kidogo. Akaingia chumbani, akarudi na leso kuukuu isiyo na pembe moja. Akakilaza kile kitambaa pale. Kikakaa.

Macho yake hayaoni tundu la sindano. Nikamtungia uzi. Akashona taratibu, mimi nimekaa karibu yake, ukutani umebaki msumari.