Kobe Anayefundisha Swaumu

Alhamisi, kumi la mwisho la Ramadhani. Ukungu umeikalia Lushoto tangu asubuhi, nguo hazikauki, na mimi sina hamu na mtu.

Leo mhadhiri katuuliza kiroho ni nini. Ningejua ningebaki kitandani. Darasa letu limejaa watu wanaojua njia ya mbinguni na hawajui njia ya maktaba.

Joshua, mlokole wetu, akasema kiroho ni kuokoka, basi, akakaa kama hakimu aliyemaliza kesi. Huyu hukemea mapepo bweni zima lisikie, ila zamu yake ya kufagia ikifika haonekani. Dada mmoja akasema yeye hana dini, anafuata nishati ya ulimwengu. Kaitoa kwenye simu, anakotoa kila kitu.

Nikasimama mimi, Mwislamu wa Malindi, mtoto wa nyumba ya swala tano. Nikawafundisha kwamba kiroho ni swaumu: kuacha chakula pale ambapo hakuna akuonaye ila Mungu. Nilisema vizuri mno. Mhadhiri aliandika.

Muda mfupi kabla ya kipindi nilikuwa nimekula chapati mbili na maharage kwenye kibanda nyuma ya soko, nimeupa mlango mgongo.

Mtaani sisi tunaokula mchana kwa kujificha tunaitwa kobe. Leo ni siku ya tisa sifungi. Nilianza kwa kusingizia moyoni mwangu vidonda vya tumbo, baadaye nikaona hata kusingizia ni kazi.

Danieli hakusema neno darasani. Nakaa naye chumba kimoja; ni Mlutheri wa Vuga, mpole hadi anakera, na siku zote nimemhesabu mtu asiye na la kusema. Magharibi nilimkuta anakoroga uji, ameuegemea ukuta. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Njaa tu, ndugu yangu," alisema. "Mchana sipiki humu. Wewe umefunga, harufu itakutesa bure. Nakula ukifungua."

Kumbe amefanya hivyo tangu mwezi uandame.

Akanisogezea tende, akasubiri nitangulie. Nikasema Bismillahi kwa sauti, nikafungua swaumu ambayo sikufunga. Uji ulikuwa mtamu. Nilitamani unikwame.

Naandika haya yeye akiosha vyombo, vyangu vikiwemo. Nimegundua namwogopa Danieli kuliko ninavyomwogopa Aliyeniamuru kufunga. Hilo sikulisema darasani.

Kesho, kabla ya saa saba mchana, nitamwambia apike ale. Atauliza kwa nini, nami nitamjibu.